Mkono Ambao Fundi Hakuupima

Jumatatu hiyo naikumbuka mpaka rangi ya uzi uliokuwa kwenye cherehani. Ulikuwa kijani. Nilikuwa nashona sketi za shule katika kibanda changu hapa Keroka, mlango wazi, nikisubiri wateja. Aliyeingia hakuwa mteja. Lakini subiri kwanza nikumiminie chai, mwanangu, na usogeze hiyo sahani ya ndizi karibu yako. Haya si maneno ya kusikilizwa na mtu mwenye njaa.

Umekuja leo na habari njema. Rafiki yako wa chuo anaoa, na kati ya marafiki wake wote amekuchagua wewe uwe mshenga, yule mtu wa kati tunayemwita esigani. Umefurahi na mimi nimefurahi, maana kazi hiyo hapewi mtu asiye na jina zuri. Jumamosi ni Sabato, kwa hiyo mtakwenda Jumapili kwa wazazi wa msichana, kule ndani Nyamira. Umeniuliza uvae suti kamili au koti litatosha. Halafu, katikati ya hayo, ukasema huku ukicheka kwamba huyo rafiki ana hasira kidogo. Kwamba mwezi uliopita alimnyang'anya huyo huyo msichana simu, akaipiga ukutani, kisha akambana mlangoni mpaka akalia. "Lakini ni mtu poa, anko," ukaniambia, ukachovya mkate kwenye chai.

Uliona sikucheka. Sikukukemea vilevile, na usidhani nilikuwa sijasikia. Masikio yangu bado ni mazima, ni magoti tu yanayonisumbua. Sikukukemea kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilifanya baya kuliko hilo, na nililifanya nikitabasamu.

Wewe ulikulia Nakuru, Kigusii chako ni cha kusalimia bibi tu, kwa hiyo acha nikueleze kazi uliyoipokea. Mshenga si mtu wa kubeba soda na kuwachekesha wazee. Anakwenda kwao msichana kusema kijana huyu ni nani, anarudi kwao kijana kusema msichana huyu ni nani, na pande zote mbili zinalishika neno lake. Siku za baadaye, nyumba ikipata tatizo, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Wakati wangu kijana alitafutiwa mshenga mwenye maneno laini, na kwa maneno laini, kusema kweli, hapakuwa na wa kunishinda kutoka Keroka mpaka Kisii mjini. Nilikuwa mtu wa watu. Sikuwahi kugombana na mteja, hata yule aliyeleta kitambaa cha kaptura akataka suruali. Nilipenda kupendwa, mwanangu. Nilidhani huo ndio wema wenyewe.

Rafiki yangu aliitwa Ombati. Alikuwa dereva wa lori la ndizi, kijana wa bidii, mcheshi, mrefu, shati limepigwa pasi. Aliponiambia amempata msichana wa upande wa Suneka, jina lake Kemunto, nilirukaruka kama mimi ndiye ninayeoa. Nikajishonea koti jipya. Unaona hata mimi shida yangu ya kwanza ilikuwa koti.

Baba yake Kemunto alikuwa mzee wa taratibu. Nyumbani kwake kiti cha mgeni kilikuwa na mahali pake, na saa ya kula ilikuwa saa ya kula. Aliniuliza habari za ukoo wa kina Ombati, za magonjwa, za ardhi, za pombe. Nikajibu vizuri. Kisha akaniuliza swali ambalo wazee wetu hawakuliacha, "Na mkono wake ukoje?"

Nilijua alichokuwa anauliza. Nilijua na jibu lake. Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa kwa kina Ombati tukichuma chai, na dada yake mdogo alikuwa amesahau kumfunga ndama, ndama akanyonya maziwa yote ya asubuhi. Ombati alimchapa yule msichana kwa fimbo ya ng'ombe mpaka akaanguka kati ya mistari ya chai. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimemshika ndama. Sikusema neno. Dakika kumi baadaye Ombati alikuwa ananisimulia kichekesho, nami nikacheka, na moyoni nikajiambia kwamba huyu ana hasira kidogo, lakini ni mtu mzuri.

Kwa hiyo mzee aliponiuliza, yule msichana alinijia machoni, amelala kati ya chai. Nikamweka kando. Nikasema, "Ni mkono wa kazi, mzee wangu." Watu wote nyumbani wakacheka, mzee naye akacheka, na jambo likapita. Ng'ombe wakatolewa, harusi ikafanyika, mimi nikasifiwa mpaka nikaona haya.

Sasa turudi Jumatatu ile. Aliyeingia kibandani alikuwa Kemunto, mwaka wa pili wa ndoa yake. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali. Alikaa pembeni kwenye benchi, akauficha mkono wa kushoto ndani ya leso, akasema anataka twende naye Suneka kwa baba yake. Aliwahi kwenda peke yake, akarudishwa. Baba yake alimwambia kwamba binti aliyetolewa mahari harudi hivi hivi, na kwamba kama kuna neno, mshenga atakuja kulisema. "Shemeji," akaniambia, "ni wewe tu wa kunitoa pale."

Mwanangu, ningetaka kukuambia kwamba nilisimama. Sikusimama. Kitu cha kwanza kilichonipita moyoni hakikuwa uchungu wa yule binti, kilikuwa aibu yangu mimi. Nikajiona niko mbele ya mzee wa Suneka nikisema neno ambalo nililificha. Nikamwona Ombati akininunia sokoni. Nikaona ugomvi, kelele, watu wakinitaja. Basi nikafanya kile nilichokuwa nakijua. Nilimwagizia chai na mandazi kutoka hoteli ya jirani, nikaongea naye kwa upole mno. Nikamwambia kazi ya barabarani inachosha, dereva akirudi asijibiwe upesi, chakula kiwe tayari mapema. Nikamwambia mke wangu na mimi hatujawahi kupigana kwa sababu yeye anajua kunyamaza. Hayo niliyasema kwa mdomo huu. Mke wangu alipokuja kuyasikia aliniambia hatupigani kwa sababu mimi sipigi, na kwamba habari za yeye kunyamaza niwaulize majirani.

Kemunto hakubishana. Alimaliza chai yake. Nikafunga kibanda, nikamrudisha mwenyewe mpaka nyumbani kwake, nikaona nafanya kazi ya mshenga barabara.

Ombati alitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliomba msamaha mbele yangu, sauti ya chini, macho yenye machozi, na sidhani alikuwa anaigiza. Akachinja kuku. Kabla ya kula, Kemunto alileta maji ya kunawa. Wewe umeona nyumbani inavyofanywa. Mwanamke anashika beseni kwa mkono mmoja chini ya mikono ya mgeni, na kwa mkono mwingine anamimina maji kutoka kwenye jagi. Siku hiyo Kemunto aliliweka beseni juu ya kigoda, akamimina kwa mkono wa kulia tu. Na mimi, mpatanishi, mtu wa watu, nikasema moyoni kwamba huyu binti naye adabu imepungua kidogo, pengine ndiyo maana. Nikapewa firigisi, nikaitafuna. Nilirudi nyumbani nimeshiba na nina furaha, nikamwambia mke wangu kwamba leo nimeokoa nyumba.

Sasa nikuletee shangazi yangu Nyaboke. Alikuwa dada ya baba yangu, ameolewa kijiji kile kile cha kina Ombati, na kama kuna mtu niliyemkwepa katika ukoo mzima ni yeye. Shangazi Nyaboke aligombana na kila mtu. Aligombana na karani wa mizani kwenye kituo cha majani chai, aligombana na mwenye posho mili, ile mashine ya kusaga unga, aligombana na wazee wa kanisa kuhusu saa ya kuanza ibada. Nilikuwa nikimwona sokoni mimi napitia nyuma ya vibanda. Kwa akili yangu ya wakati ule, mimi nilikuwa mtu mwema na yeye alikuwa mtu mbaya, kwa sababu watu walifurahi nikitokea, na yeye akitokea wanatafuta pa kukimbilia.

Alhamisi wanawake walikuwa wanachuma chai. Shangazi akaona kikapu cha Kemunto hakijai. Chai inachumwa kwa mikono miwili, yote inakwenda pamoja, na huyu alikuwa anachuma kwa mmoja. Wengine waliona vilevile, wakasema amezembea. Shangazi alivuka mistari ya chai, akamwambia, "Nionyeshe huo mkono," akavuta sweta juu mwenyewe. Mkono ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko mpaka vidole, umegeuka rangi. Ulikuwa umevunjika tangu Jumapili. Yaani, mwanangu, ulipokuwa ndani ya leso kwenye benchi langu ulikuwa umevunjika. Ulipokuwa haushiki beseni, ulikuwa umevunjika.

Shangazi alimpeleka hospitali Kisii siku hiyo hiyo, kisha akatuma mtu aje kuniita. Nilimkuta amekaa nje ya wodi, miguu ina tope la shambani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona hana hasira. Alikuwa amechoka tu. Aliniambia daktari amesema mfupa umekaa vibaya siku nne, watafanya watakaloweza, lakini vidole viwili huenda visikunje tena. Nikaanza maneno yangu laini, kwamba sikujua, kwamba hakuniambia. Akaniacha nimalize. Kisha akasema pole pole, na maneno haya nimeyabeba mpaka leo.

"Wewe ni fundi. Unapima mikono ya watu kutwa nzima. Mtu akipita barabarani unajua mikono ya shati lake ni mifupi. Huyu amekaa mbele yako, hukumpima. Unajua kwa nini? Ulikuwa unajipima wewe."

Nilikaa chini. Akaniambia pia kwamba upole wangu ni mzuri, asiniambie mtu ni mbaya, lakini siku ile niliutumia kujipatanisha mimi na kila mtu, na gharama yake nikamwachia Kemunto. Kisha hasira zake zikamrudia, nashukuru Mungu, maana nilikuwa nimeanza kuogopa. Akaniambia nikavae lile koti langu la ushenga kwa sababu asubuhi tunakwenda Suneka, na nikichelewa atakuja kunitoa kitandani mbele ya mke wangu.

Tulikwenda watatu, Kemunto mkono umefungwa plasta. Mzee alitukaribisha, akaniketisha kwenye kiti kile kile. Shangazi, ambaye nilitarajia ataanza kupiga kelele mlangoni, alikaa kimya, akanitazama mimi. Nikaelewa kwamba hii ni kazi yangu, haitafanywa na mwingine. Nikasema, "Mzee wangu, uliniuliza mkono wake ukoje. Nilikudanganya." Nikamweleza habari ya ndama na yule msichana, mwanzo mpaka mwisho. Nikamweleza na habari ya Jumatatu, chai, mandazi na kuku.

Mzee alinisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa mtu wa taratibu, nimekuambia, na nadhani alikuwa anatafuta taratibu ya jambo kama hili asiione. Mwishowe akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa harusi itavunjika na nitalaumiwa mimi.

Akasema, "Afadhali ingevunjika harusi, kijana. Ungeniachia mkono wa mtoto wangu."

Kisha akageuka kwa Kemunto. Nilidhani atamwambia habari za ng'ombe. Alimtazama mkono, kisha akamwambia kwamba mama yake ameweka uji motoni, aingie ndani. Kemunto aliingia, na kuanzia siku hiyo hakurudi kwa Ombati. Mzee ndiye aliyewaita wazee wa pande zote mbili, ng'ombe wakarudi walikotoka, kila kitu kwa mpango. Alikuwa baba mzuri, mwanangu, usimwone vibaya. Alishika kanuni kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, kama mimi nilivyoumbwa na ulimi wa asali, na shangazi na ulimi wa pilipili. Tabia hizo tunazaliwa nazo, hazitufanyi wema wala wabaya. Swali ni ulitazama nini kwanza. Baba yake alitazama kanuni. Mimi nilitazama sura yangu. Yule mwanamke mgomvi ndiye peke yake aliyeomba kuonyeshwa mkono.

Nililipa, nisikufiche. Ombati alikuja kibandani akasimama mlangoni, akanitazama, akaondoka bila salamu, na urafiki wa tangu utotoni ukaishia hapo. Baadhi ya wateja walipeleka vitambaa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, wakisema mshenga gani huyu anayevunja nyumba. Kwa mtu kama mimi hayo yalikuwa mateso. Nililala vibaya wiki nzima. Halafu, unajua nini kilitokea? Hakuna. Sikufa. Niligundua kwamba mtu anaweza kuchukiwa Jumatatu na kushona vizuri tu Jumanne. Laiti ningejua mapema, ningeokoa mambo mengi.

Ombati bado yupo, ni mzee kama mimi. Nasikia ametulia. Simwombei mabaya, lakini hakuoa tena kupitia mdomo wangu, na baba wa msichana aliyefuata alipokuja kuniuliza, nilimjibu swali lote.

Na Kemunto? Ndizi unayokula imetoka mkononi mwake. Yule mama mnene aliyekuwa anatoka hapa ulipokuwa unaingia, aliyekutania kwamba umekonda kwa chakula cha mjini, ndiye huyo. Ana duka la jumla la ndizi hapa Keroka, malori yanapakia mbele ya mlango wake, na madereva wanamwogopa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji mpaka leo. Akija hapa mimi ndiye ninayemnawisha mikono, nashika beseni na namimina maji, mzee mzima, na yeye hucheka kila mara akisema nimechelewa kujifunza adabu. Shangazi alipofariki, Kemunto ndiye aliyelia kupita sisi wa damu. Mimi nilimshonea shangazi nguo yake ya mwisho. Nilipima mikono mara mbili.

Uliponipigia asubuhi kusema umeitwa kuwa mshenga, nilimweleza Kemunto. Hizo za simu iliyopigwa ukutani na mlango nilikuwa sijazijua bado. Aliniambia nikupe ujumbe mmoja. Alisema baba wa yule msichana akikuuliza, ujue ni msichana mwenyewe anayekuuliza kupitia mdomo wa baba yake, kwa sababu yeye hataketishwa kwenye kikao hicho.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni fupi kuliko hadithi yangu. Usiutegemee moyo wako mzuri, hata mimi nilikuwa nao. Mtu akikujia na jambo la kupigwa, kabla hujafikiri watu watasema nini, kabla hujafikiri mila inasema nini, kabla hujamfundisha namna ya kunyamaza, tazama alipoumia. Hayo mengine yatapata zamu yake. Na usingoje aje akiwa amevaa sweta kwenye jua. Wewe una bahati ambayo mimi niliitupa, kwa sababu neno lako bado liko mdomoni na ng'ombe bado hawajatoka zizini. Nenda kwanza kwa rafiki yako leo, umwambie uso kwa uso kwamba unajua alichofanya, na kwamba ukiulizwa Jumapili utakisema. Kama ni rafiki, atakasirika kisha atafute msaada. Kama si rafiki, atakasirika tu asibadilike, na utakuwa umemjua. Pengine hakutakuwa na harusi mwaka huu. Vaa suti hata hivyo.

Sasa lete mkono wako hapa nikubariki, tena ule wa kushoto. Mungu wa baba zetu akupe macho ya kuona kabla hujaambiwa. Akupe ulimi usiokwepa swali la mzazi. Akutoe hofu ya kununiwa, aliyochelewa kunitoa mimi. Na Jumapili, yule mzee wa Nyamira atakapokuuliza mkono wa rafiki yako ukoje, Mungu asimame nawe, ujibu.